Nani Analipia Safari ya Bei Nafuu?



Kila mitihani inapokaribia kwisha, kuna swali ambalo ndugu zangu wa jumuiya huniuliza msikitini baada ya swala: "Hivi wewe uliizungukaje Sudan yote ile na hela kidogo namna ile?" Wanajua kwamba nilisoma Kiarabu Khartoum kabla ya kujiunga na chuo hiki, na kwamba likizo ya mwanzoni mwa mwaka 2022 nilikwenda kaskazini kwa mabasi na malori hadi Wadi Halfa, karibu na mpaka wa Misri, nikiwa na begi moja la mgongoni. Jibu langu huwa fupi: watu walinilisha. Hapo muulizaji hufurahi, na mara nyingi huongeza sentensi ambayo ndiyo iliyonifanya niandike makala hii: "Basi na mimi nitakwenda nchi ya Waislamu. Huko hakuna haja ya kubeba hela."

Sentensi hiyo inawasifu wenyeji, na sifa hiyo wanaistahili. Lakini ndani yake kuna hesabu. Msemaji ameshapanga bajeti, na mbele ya chakula na malazi ameandika sifuri, kwa sababu gharama hiyo amewakabidhi watu ambao hajawaona na ambao hawajui kama anakuja. Nataka tuulizane: je, ni sawa kwa kijana mzima, mwenye afya, asiyefukuzwa na vita wala njaa, kupanga matembezi yake juu ya sufuria ya mtu mwingine?

Kwanza niueleze ukarimu wenyewe, maana asiyeujua atadhani natia chumvi. Kutoka Omdurman hadi Dongola ni kiasi cha kilomita 500, na sehemu kubwa ni jangwa tupu. Njiani na vijijini utakuta mitungi mikubwa ya udongo, wao huiita ziri, imepangwa kivulini na kufunikwa, na kikombe kiko juu yake. Ni maji ya mpita njia yeyote. Kuna mtu anayeijaza, na wewe unayekunywa hutamjua. Ukipita mahali watu wanakula, hata wakiwa vibarua wanne waliozunguka sahani moja ya ful, yale maharage yao, watakuita: "Itfaddal!", yaani karibu. Hawaiti kwa adabu ya mdomo tu. Wanasogea, na nafasi inapatikana.

Mwezi wa Ramadhani ndio usiseme. Katika vijiji vya Jazira, kusini mwa Khartoum, watu hutandika mikeka kando ya barabara kuu na kutoa sinia kutoka kila nyumba. Jua linapokaribia kuzama, vijana na wazee husimama barabarani, wengine wakiwa wamenyoosha vilemba vyao kukata njia, ili mabasi yasimame na abiria washuke wafuturu. Hakuna anayeulizwa kabila lake wala anakokwenda.

Sasa nije kwenye upande ambao hausimuliwi sana. Katika kijiji kimoja kaskazini mwa Dongola gari letu liliharibika wakati wa Magharibi. Mzee mmoja aliyekuwa akitoka msikitini alinishika mkono na kunipeleka kwake, na nikakaa hapo siku tatu. Usiku wa kwanza, nikiwa nimekaa uani kwenye kitanda cha kamba, nilimwona mjukuu wake akitoka kwa mlango wa nyuma na kikombe kitupu. Alirudi nacho kimejaa sukari. Muda si mrefu chai ikaja, tamu sana kama wanavyoipenda wao, na mzee akawa ananihimiza niongeze kikombe cha tatu.

Sukari ile imekaa kichwani mwangu kuliko mapiramidi ya Jebel Barkal. Mwaka uliotangulia, yaani 2021, mfumuko wa bei Sudan ulikuwa umepita asilimia 300, na thamani ya pauni ya nchi hiyo ilikuwa imeporomoka. Wasafiri wa kigeni niliokutana nao katika nyumba za kulala wageni walikuwa wakisifu jinsi Sudan ilivyo rahisi. Kwa mwenye dola ilikuwa rahisi kweli. Lakini chakula kilikuwa rahisi kwa mgeni kwa sababu ileile iliyokifanya kuwa ghali kwa mwenyeji: pauni iliyokuwa mfukoni mwa mwalimu wa shule ilikuwa imeisha nguvu. Kwa hiyo mtu anapojisifu kwamba amezunguka nchi fulani kwa hela isiyotosha hata wiki moja hapa Kampala, haitoshi kumpongeza. Inafaa kuuliza pia: tofauti imelipwa na nani?

Kuna ndugu mmoja tuliyekaa naye chumba kimoja huko Khartoum ambaye hakukubaliana nami kabisa, na hoja yake si ya kupuuzwa. Alisema mgeni ana haki, na haki hiyo hakuipewa na mwenyeji bali na Mwenyezi Mungu. Mtume (s.a.w.) amefungamanisha kumkirimu mgeni na kumwamini Allah na Siku ya Mwisho. Msafiri aliyekwama ametajwa katika Sura at-Tawba, aya ya 60, miongoni mwa mafungu manane yanayostahiki zaka. "Ukianza kuhesabu sukari ya watu," akaniambia, "unawapunguzia thawabu zao, na unajifanya una huruma kuliko dini."

Hoja hiyo ni nzito, na nusu yake naikubali bila ubishi. Gari likiharibika jangwani usiku, na mlango ukafunguliwa, ingia na ushukuru. Huo si wakati wa kujifanya mstaarabu kwa kukataa. Lakini hadithi aliyoitegemea ndugu yangu ina sehemu ya pili. Katika riwaya ya Abu Shurayh, iliyomo katika Bukhari na Muslim, baada ya kuamrisha mgeni akirimiwe, Mtume (s.a.w.) ameeleza kwamba ugeni ni siku tatu na kinachozidi hapo ni sadaka, kisha akakataza mgeni asikae mpaka akamtia mwenyeji wake katika dhiki. Katika riwaya ya Muslim, Masahaba waliuliza mtu atamtiaje mwenyeji wake dhambini, wakafahamishwa kwamba ni kuendelea kukaa kwake ilhali mwenyeji hana tena cha kumkirimu.

Tazama jinsi mafundisho hayo yalivyopangwa. Mwenyeji amepewa fungu lake: akirimu. Mgeni naye amepewa fungu lake: ajue pa kuishia. Kila mmoja ameambiwa wajibu wake, hakuambiwa akaudai wajibu wa mwenzake. Tatizo letu vijana tunaopenda safari ni kwamba tumekariri fungu la mwenyeji na kuliacha fungu letu. Aya na hadithi tunazozibeba begini ni zile zinazomfunga mtu mwingine.

Tena mwenyeji hatakusaidia katika hili, kwa sababu hawezi kusema. Sura al-Ahzab, aya ya 53, iliwafundisha waumini walioalikwa nyumbani kwa Mtume watawanyike baada ya kula, wasibaki kwa mazungumzo, maana jambo hilo lilikuwa likimuudhi naye akiona haya kuwaambia. Ikiwa yeye, kiongozi wa umma, aliona haya kuwaambia wageni wake waondoke, mzee wa kijijini atawezaje? Heshima yake yote mbele ya majirani imo katika kutosema. Basi neno "inatosha" halina mtu wa kulitamka isipokuwa mgeni mwenyewe.

Sote tunakijua kisa cha yule Ansari aliyempokea mgeni wa Mtume nyumbani hakuna kitu ila chakula cha watoto. Mke akawalaza watoto, taa ikazimwa, na wao wawili wakajifanya wanakula gizani ili mgeni ashibe bila kujua. Kisa hicho kinatajwa pamoja na aya ya 9 ya Sura al-Hashr, inayowasifu wale wanaowapendelea wenzao hata wakiwa na shida. Tunapokisimulia katika darsa, kila mtu hujiweka mahali pa Ansari. Ni nadra mtu kujiweka mahali pa mgeni. Mgeni yule hakuwa na lawama: alikuwa na njaa kweli, alipelekwa na Mtume, na gizani hakuona. Lakini sisi kisa tumeshakisikia. Tunajua kwamba taa huzimwa. Mtu anayelijua hilo, kisha akapanga miezi miwili ya matembezi kwa kulitegemea giza hilo, hafanani tena na mgeni yule. Kupokea ukarimu ni jambo moja. Kuupangia bajeti ni jambo jingine.

Wengine hunitajia Ibn Battuta, aliyeondoka Tangier mwaka 1325 akiwa kijana wa miaka 21 na kupokewa kila alikopita. Ni mfano mzuri, ila tuusome vizuri. Alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliikuta desturi ya vijana wa mji kuzipokea meli kwa sahani za chakula, kila mmoja akimchagua mfanyabiashara awe mgeni wake. Mgeni huyo alilala kwa mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia bidhaa zake na kumnunulia alichotaka. Ibn Battuta mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mtu wa elimu, alipokewa na kadhi. Ukarimu ule ulikuwa na pande mbili: mgeni alikuja na bidhaa, elimu au habari. Hakuja na njaa na kamera.

"Basi tulipe?" utaniuliza. Hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu, kwa sababu katika vijiji vile kumpa mzee noti mkononi ni kumtukana. Umegeuza nyumba yake kuwa hoteli. Wageni wengine wakishaona hivyo hustarehe na kusema: hawataki malipo, basi sidaiwi. Lakini kukataa malipo si kufuta deni. Ni kulibadilisha sura.

Waswahili wana methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huichukulia kuwa ni kejeli ya kumfukuza mgeni. Mimi naiona kuwa ni heshima. Jembe linamtoa mtu katika ugeni na kumtia katika watu wa nyumba. Yule mzee alipojua nimesoma Kiingereza, aliniomba nimsaidie mjukuu wake aliyekuwa akijiandaa na mtihani wa sekondari. Kila baada ya Isha tulikaa kwenye mkeka na daftari, na siku ya pili majirani wakaleta watoto wao. Nikawa na jembe langu. Siku ya tatu jioni nilimwambia, "Haji, kesho inshallah nasafiri." Akasema, "Kwani umetuchoka, mwanangu?" Nikamjibu kwamba njia bado ndefu. Asubuhi aliniwekea tende begini.

Qur'ani ina mfano mkubwa zaidi. Katika Sura al-Kahf, Nabii Musa na yule mja mwema ambaye wafasiri humwita Khidhri walifika mji mmoja wakaomba chakula, na watu wa mji wakakataa kuwakaribisha. Kuomba kwao hakukuwa aibu, kwa kuwa walikuwa na haja. Pamoja na kunyimwa, Khidhri aliukuta ukuta unaotaka kuanguka akausimamisha, wala hakuchukua ujira. Baadaye tunaelezwa kwamba ukuta ule ulikuwa wa mayatima wawili na chini yake kulikuwa na hazina yao. Wao walinyimwa chakula, na bado waliuacha mji ukuta wake umesimama. Sisi tuliolishwa na kulazwa tunaacha nini?

Hadi hapa nimezungumza na mgeni. Lakini mambo yamegeuka, na kugeuka kwake ndiko kunakotuhusu zaidi.

Tarehe 15 Aprili 2023 vita viliwaka Khartoum kati ya jeshi na Vikosi vya Msaada wa Haraka. Zaidi ya watu milioni 10 wamelazimika kuyahama makazi yao. Wadi Halfa, mji ule mdogo wa mpakani, ulifurika watu waliokuwa wakisubiri viza za Misri, wakilala mashuleni na misikitini huku wenyeji wakigawana nao walichokuwa nacho. Kumbuka kwamba wenyeji hao wenyewe ni watu ambao mji wao wa zamani ulizama katika miaka ya 1960 lilipojengwa Bwawa Kuu la Aswan, na makumi ya maelfu yao wakahamishiwa mbali, karibu na Kassala. Ndani ya Khartoum iliyozingirwa, vijana wa mitaa walianzisha majiko ya pamoja, takaya, sufuria moja kubwa kwa mtaa mzima. Ni desturi ileile ya sinia za Ramadhani barabarani, sasa ikiwa ndiyo inayowapa watu uhai.

Na makumi ya maelfu wamefika hapa kwetu Uganda. Wengi wako kambi ya Kiryandongo, wengine wako Kampala, na baadhi yao tunasimama nao safu moja ya swala ya Ijumaa. Mmoja ni daktari anayengoja vyeti vyake vikubaliwe. Mwingine alikuwa mwaka wa nne wa uhandisi, sasa anauza chai. Nilimuuliza huyu kama anahitaji kitu, akatabasamu na kusema, "Sisi tumezoea kuita. Kuitwa bado hatujajifunza." Sura al-Baqara, aya ya 273, inawataja wahitaji ambao asiyewajua huwadhania matajiri kwa jinsi wanavyojizuia kuomba. Ukiona kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, usifanye haraka kudhani.

Sasa sikiliza maneno yanayosemwa baada ya swala. "Wageni wamekuwa wengi." "Wamepandisha kodi za nyumba." "Ugeni ni siku tatu, bwana." Hapo ndipo ninapostaajabu. Tulipokuwa wageni tulikariri fungu la mwenyeji. Leo tumekuwa wenyeji, ghafla tunakumbuka fungu la mgeni! Elimu yetu ya dini inahama kila upande wenye faida kwetu. Hadithi ya Abu Shurayh haikuja kumpa kila mtu hoja ya kumshinda mwenzake. Imekuja kumpa kila mmoja kazi yake.

Wala tusidhani deni hili ni la mimi niliyesafiri peke yangu. Ndugu unayetoka Yumbe, Koboko au Arua, muulize bibi yako walikimbilia wapi baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979. Maelfu walivuka kwenda Zaire na Sudan ya wakati ule, katika eneo ambalo leo ni Sudan Kusini, na wengi walikaa huko miaka kadhaa. Kuna mtu aliwapa pa kulala kwanza. Huenda ameshafariki, na jina lake hakuna anayelijua, kama yule anayejaza mitungi ya jangwani. Deni la namna hiyo halirudishwi lilikotoka. Hulipwa kwa msafiri mwingine.

Najua sisi ni wanafunzi, na wengine wetu tunakula mlo mmoja. Ndiyo maana siku tatu zina hekima: hakuna anayetakiwa kubeba asichokiweza. Baada ya siku tatu zamu ya jembe huanza, na jembe ndilo wanalolitaka wao wenyewe. Tunaye ndugu anayehitaji Kiingereza cha kufanyia usaili: kaa naye saa moja kwa wiki. Tuna madarasa ya Kiarabu ya jumuiya yasiyo na mwalimu: tumwajiri Msudani na tumlipe ujira kamili, si wa huruma. Kuna familia inayodaiwa kodi ya miezi mitatu ya mwanzo kabla ya kupewa ufunguo: watu kumi na tano wakichanga, mlango unafunguka. Na Ramadhani ijayo, badala ya kuwaalika kama wageni wa heshima wakae mbele wapigwe picha, tuwaombe watufundishe kutandika mikeka barabarani.

Nawe unayefunga begi likizo hii, safiri. Ardhi ya Mwenyezi Mungu ni pana na kutembea ni elimu. Lakini beba hela ya chakula chako chote na ya kulala kwako kote, kana kwamba hakuna mlango utakaofunguliwa. Ukifunguliwa, ingia kwa furaha, na hela uliyookoa usiihesabu kuwa ni yako: nunua sukari, chai na sabuni sokoni kabla ya kufika kijiji kinachofuata, au ijaze katika sanduku la msikiti pale pale. Uliza kuna kazi gani. Ondoka kabla kikombe hakijapelekwa kwa jirani. Ukirudi hapa, usiwasimulie wenzako umekula bure. Waambie umekopeshwa.

Wabillahi tawfiiq.